Ombi Halikataliwi

Baraniko alifika Jumamosi asubuhi amevaa shati jeupe la kanisani, na Rotia alipoliona shati hilo kupitia dirisha la jikoni akajua mtu amekuja kuomba. Hakuna Mkiribati anayevaa shati la ibada siku ya Jumamosi, tena kwenye baridi ya Auckland, eti amepita kusalimia. Rotia aliuchukua ufunguo wa gari uliokuwa juu ya friji, akauzamisha kwenye ndoo ya mchele, akausawazisha mchele kwa kiganja, ndipo akaenda kufungua mlango.

"Karibu, shemeji. Lakini Tiroa kalala. Karudi kazini hoi."

"Acha alale, nitamsubiri," Baraniko alisema huku akivua viatu. "Mimi sina haraka."

Tiroa hakuwa amelala. Alikuwa chumbani anashona mkoba wa shule wa binti yake, Kinaai, na aliposikia sauti ya binamu yake alitoka anacheka, sindano bado iko mkononi. Uongo wa mkewe ukafia pale pale mlangoni. Rotia hakuona haya hata kidogo. Kwetu kukificha kitu kabla hakijaombwa si dhambi, ndiyo kinga pekee tuliyoachiwa na wazee. Dhambi ni kukataa kikishaombwa.

Walikunywa chai. Waliongea habari za nyumbani, kisiwani Tarawa, nani kafa, nani kaoa, kisima cha nani kimeingia chumvi. Baraniko alikuwa mtoto wa shangazi yake Tiroa, mkubwa kwake kwa umri, na alikuwa ameishi Auckland muda mrefu hata akawa raia. Ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege na kuwaletea magodoro. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimwudhi Rotia. Mtu mbaya unamfungia mlango na unalala usingizi.

Kikombe kilipokwisha, Baraniko alishuka kwenye kiti, akakaa mkekani na kukunja miguu.

"Mdogo wangu, nimekuja na bubuti."

Likishatamkwa neno hilo, watu huacha kutafuna. Bubuti si ombi la kubembeleza. Ndugu yako akikuomba kwa neno hilo, unatoa. Ataomba mtumbwi, ataomba nguruwe, ataomba hata mtoto wa kulea, nawe unatoa, kwa sababu siku yako ikifika utaomba na utapewa. Anayekataa hapigwi wala hafungwi. Anasemwa tu. Watoto wake nao wanasemwa, na wajukuu zake wakisimama kuzungumza kwenye maneaba, ukumbi wa mikutano, mbele ya kijiji kizima, watu wanakohoa.

"Maere anasafishwa damu mara tatu kwa wiki," Baraniko alisema. "Gari langu limekufa. Fundi kaniambia nilizike. Lile basi la hospitali leo linakuja, kesho haliji. Juzi kakaa kituoni kwenye mvua mpaka akaanguka, akaokotwa na watu asiowajua. Mke wangu, Tiroa, kaokotwa kama mfuko. Naomba gari lako."

"Pole sana, shemeji," Rotia aliwahi. "Basi si angekuwa anapelekwa? Siku ambazo Tiroa hana zamu..."

"Rotia," Tiroa alisema.

"Nauliza tu, jamani. Kuuliza nako kosa?"

"Sikuomba kupelekwa, shemeji," Baraniko alisema kwa upole. "Nimeomba gari."

Tiroa aliutazama mkeka. Alikuwa mpakiaji kwenye kiwanda cha mikate upande wa pili wa jiji, na zamu yake ilianza alfajiri, kabla treni ya kwanza haijaamka. Walikuwa na kibali cha muda tu. Kiwanda kilikuwa kimemwahidi mkataba wa kudumu baridi ikiisha, iwapo atafika kwa wakati na kufanya kazi bila lawama, na kwa mkataba huo wangeomba kubaki nchini. Bila mkataba, wangerudi Tarawa, ambako nyumba walishampa kaka yake, na vyungu, na nyavu, na nguruwe. Yote haya Baraniko aliyajua kwa juu juu. Hakuwahi kujiuliza mpakiaji mikate anafikaje kazini alfajiri.

Tiroa angeweza kumwambia. Neno lilimfika kooni, lakini lingetoka likiwa na sura ya kukataa, akalimeza. Akainua nyusi. Kwetu nyusi zikipanda, ndiyo imeshatoka.

"Mungu akuzidishie," Baraniko alisema.

Tiroa alienda kwenye friji, akapapasa juu yake. Akainama, akatazama nyuma. "Rotia, ufunguo uko wapi?"

Rotia alikuwa anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

"Uko kwenye mchele, baba," alisema Kinaai, aliyekuwa amekuja kuchukua mkoba wake. "Mama kauficha sasa hivi."

Baraniko, kwa adabu, alianza kuisifia dari. Tiroa aliingiza mkono kwenye ndoo mpaka kiwiko, akautoa ufunguo, akaupangusa kwenye suruali, akaukabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Punje chache zilikuwa zimenasa kwenye kishikio chake. Rotia aliona haya safari hii, haya ya kweli, na hasira zake zikapata mafuta.

Gari lilipopinda kona alimgeukia mumewe.

"Ungesema hapana."

"Kwa mdomo gani?"

"Huo huo unaolia wali! Kazini utafika na nini, utaruka?"

"Nitapata lifti. Watu wapo."

"Watu wapi? Wewe kila mtu kwako ni watu. Huku kila mtu na mlango wake, na mlango wenyewe una kamera."

"Rotia, yule ni mtoto wa shangazi yangu. Mkewe kaanguka barabarani."

"Nimesikia. Nami naumia kwa ajili ya Maere, usinifanye jiwe. Lakini na huyu?" Alimwonyesha Kinaai kwa kidevu. "Huyu kaanguka wapi ndipo umwone?"

Tiroa alichukua sindano akaendelea na mkoba, akajichoma, akanyonya kidole.

*

Lifti aliipata, kwa muda. Kijana mmoja Mtonga aliyekuwa akipita njia hiyo alimchukua mpaka alipohamishiwa zamu nyingine. Baada ya hapo mama mmoja wa kanisani alimpa baiskeli ya bintiye, ya zambarau, yenye kikapu mbele na vishada vinavyoning'inia kwenye mikono. Tiroa alivikata vile vishada. Kikapu hakikutoka.

Mtu mzima mwenye mabega ya mvuvi alipita barabara kuu kila alfajiri juu ya baiskeli ya msichana, mvua ikimpiga usoni, magoti yakimgonga kifua. Vijana waliokuwa wakitoka kulewa walimpigia honi na kumwimbia. Aliwapungia mkono, kwa sababu kwetu mtu akikuita unaitika. Alipoeleza jambo hilo nyumbani Kinaai alicheka, akamwiga anavyopunga, na Rotia naye akacheka bila kutaka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa kicheko ndani ya nyumba ile.

Mara ya kwanza alipochelewa, msimamizi wake, Fetu, mama wa Kisamoa mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimfichia. Mara ya pili alimwita pembeni, nyuma ya matoroli ya mikate.

"Gari lako liko wapi?"

"Nimempa ndugu yangu."

"Umemwazima."

"Nimempa."

Fetu alifumba macho. Hakuhitaji kutafsiriwa, Wasamoa nao wana yao. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimetoa miaka na miaka. Misiba, harusi, paa la kanisa, viatu vya mchungaji. Lakini nilitoa nikiwa na kazi ya kudumu. Wewe unagawa samaki ambaye bado yuko baharini."

"Mkewe ni mgonjwa, mama."

"Wote wana wagonjwa! Nani hana mgonjwa?" Kisha akashusha sauti. "Umemwambia kwamba kazi yako inategemea hilo gari?"

"Nikimwambia sasa itakuwa namdai."

"Basi mdai! Ama muombe na wewe, si ndiyo desturi yenu?"

"Mwezi haujaisha tangu nimpe, mama. Nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Utakuwa mtu mwenye kazi," Fetu alisema, akaenda kupigia kelele mtu mwingine.

Asubuhi ya mara ya tatu mnyororo ulikatika akiwa bado mbali. Aliikokota baiskeli, kisha akaiacha kwenye ukuta wa watu na kukimbia. Alipofika, malori yalikuwa yameshaondoka na mikate. Meneja, kijana mpole aliyekuwa na umri wa mdogo wake wa mwisho, alimkaribisha kiti. Tiroa alikuwa amelowa, akakataa kukaa asije akakiharibu kiti, na meneja akadhani ni kiburi.

"Huna la kusema?" meneja alimuuliza. "Huna sababu yoyote?"

Alikuwa nayo sababu. Lakini kuitaja ilikuwa kumtaja Baraniko mbele ya mtu wa nje kama mwizi. Tiroa aliinamisha kichwa, akanyamaza, kama tunavyofundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa anayekukemea. Meneja yule akaona mtu asiyejali. Akamlipa stahili zake, akamtakia heri.

Fetu alimsindikiza mpaka getini na mfuko wa mikate. "Ungeongea hata uongo, Tiroa," alimwambia, macho yamemjaa. "Hata uongo ungekusaidia."

*

Alitafuta. Alienda kwenye mashamba ya maua, kwenye karakana, kwenye machinjio, na Kinaai akamwandikia maelezo yake kwa Kiingereza safi cha shuleni. Wote waliuliza kibali kinaisha lini. Wakiambiwa ni mwisho wa Agosti, walimshukuru kwa kufika. Nyumba ilikuwa na unyevu mpaka kuta zinachafua vidole, hita waliizima kuokoa umeme, na wote watatu wakalala chumba kimoja kama walivyolala kisiwani, ila kisiwani hakuna aliyetetemeka.

"Kamuombe gari lako," Rotia alisema siku ya kwanza.

"Gari la nini sasa? La kwendea wapi?"

Alikuwa na haki, na Rotia hakurudia tena. Alhamisi alikwenda peke yake kwa mama mwingine wa kanisani anayewasaidia watu karatasi za uhamiaji, akarudi, akaosha nywele za Kinaai, akazichana taratibu mpaka mtoto akalalamika kuwa anasinzia.

Mtoto huyo ndiye alikuwa ulimi wa nyumba. Alizungumza na mwenye nyumba, na duka la dawa, na mtu wa mita ya umeme. Mwalimu wake alikuwa amemsimamisha mbele ya shule nzima asome hadithi aliyoitunga. Rotia hakuelewa neno hata moja siku ile, lakini aliona jinsi watoto wengine walivyotulia kumsikiliza, na akalia ndani ya ukumbi wa watu huku akijifanya ana mafua.

"Jumapili tukitoka ibadani tunakwenda kwa Baraniko," alimwambia mumewe.

Tiroa alidhani wanakwenda kuomba gari waliuze, wapate mizigo ya kurudi nayo. Ndugu wa Tarawa wangekuja uwanjani kuwalaki, na mtu hatoki ng'ambo mikono mitupu. Aliinua nyusi.

*

Gari lilikuwa mbele ya nyumba ya Baraniko. Rotia alilizunguka kwanza. Kwa kweli alitamani alikute chafu, au limebamizwa, au lina mizigo ya biashara ya mtu, apate pa kuanzia kugomba. Lilikuwa safi. Kiti cha mbele kilikuwa na mto na blanketi, na chini palikuwa na beseni la plastiki la kutapikia.

Maere alikuwa amelala kwenye kochi, mkono wenye mshipa wa sindano umemvimba, uso wa kijivu. Alijaribu kuinuka awasalimu.

"Lala, wifi, lala," Rotia alimwambia, akambusu. "Leo mzuri wewe."

"Mzuri wa wapi. Nanuka dawa kama duka."

Baraniko hakusubiri chai. Habari za Tiroa kufukuzwa kazi zilikuwa zimemfikia kanisani, na tangu siku hiyo alikuwa akimpita Tiroa kwa mbali. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mkekani mbele ya binamu yake.

"Najua mlichofuata. Haki ya Mungu, sikujua, mdogo wangu. Ungenifungua macho. Ungenitukana hata. Chukua."

Tiroa aliutazama ufunguo, akamtazama Maere, na mikono yake ikabaki mapajani. Rotia ndiye aliyeusogeza ule ufunguo kwa ncha ya kidole, ukarudi ulikotoka. Kisha alikunja sketi yake, akakaa sawasawa.

"Hatukuja kwa ajili ya gari, shemeji. Mimi ndiye mwenye bubuti."

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Namwombea Kinaai. Mchukueni awe mtoto wenu."

Niseme jambo ambalo mtu wa nje hatalihisi. Kwetu mtoto huombwa na yule anayemtaka. Babu atakuja, au shangazi asiyezaa, ataleta chakula na shuka, ataomba, na wazazi watatoa huku wanalia na roho zao zimejaa fahari, maana mtoto wao katamaniwa. Mama kumleta mwanawe mpaka mlangoni kwa mtu na kumsihi ampokee, hilo halikuwa na jina. Baraniko na Maere hawakuwa na mtoto. Kwa miaka yote hawakuwahi kuomba wa mtu, kwa sababu ya ugonjwa, na kila mmoja katika chumba kile alilijua hilo.

"Rotia!" Tiroa alisema. "Una wazimu? Hukuniambia!"

"Na wewe gari ulilitoa bila kuniuliza."

"Gari si mtoto!"

"Ndiyo nilivyokuwa nakwambia siku ile." Hakupandisha sauti. Aligeuka tena kwa Baraniko. "Wewe ni raia. Yule mama wa karatasi amesema raia akilea mtoto wa ndugu yake, anaweza kumwombea abaki. Hakuahidi. Kasema anaweza. Sisi hatuna hata hilo neno 'anaweza'. Huku anasoma, mwalimu wake anampenda. Na si mzigo, anapika wali, anafua. Kiingereza anakijua, atamsemea Maere kwa madaktari. Atamshikia beseni."

Kinaai alikuwa amekaa karibu na mlango na viatu vya watu wazima. Hakuna aliyekumbuka kumtoa nje.

"Rotia," Maere alisema kutoka kwenye kochi. "Unanijua hali yangu. Unampa mtoto mtu anayekufa."

"Bado hujafa, wifi."

"Ataniona nikifa. Unataka aone hilo, peke yake, huku?"

"Sitaki," Rotia alisema. "Nikitaka au nisipotaka, ndege ni mwisho wa mwezi."

Mvua ilianza kugonga bati la gereji. Baraniko alikuwa ameweka mikono usoni. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea na hakuuona, kama Tiroa siku ile asivyouona, kwa sababu ombi lilikuwa limeshatamkwa na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitumia neno lile. Alipoondoa mikono macho yake yalikuwa mekundu. Aliinua nyusi, taratibu, kwa shida, na Rotia akashusha pumzi.

Hapo Kinaai alisimama. Alikuja katikati ya mkeka, akakaa kama alivyowaona wakubwa wakikaa, akakunja miguu na kuifunika kwa sketi. Aliwatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine.

"Na mimi nina bubuti," alisema.

Maere aliziba mdomo kwa mkono wake mzima. Watoto hawaombi bubuti. Hakuna katazo, ila hakuna mtoto aliyewahi kufikiria.

"Naomba mnichukue. Niende na nyinyi."

Tiroa nyusi zake zilikuwa zimeshapanda. Zilipanda kabla mtoto hajamaliza, zenyewe, kama ambavyo zingempandia yeyote, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Lakini Kinaai hakuwa anamwangalia baba. Alikuwa anamwangalia mama yake.

"Hapana," Rotia alisema.

Maere alianza kulia kabla ya mtoto.